Nyumba Yenye Joto Inauzwa

Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu Futi,

Pokea salamu za mjomba wako, mzima kuanzia utosini mpaka kiunoni. Magoti yana mambo yao, nimeacha kuyauliza. Kaka yako ameniletea picha ya mtoto wake wa tatu. Kichwa ni changu kabisa, maskini mtoto. Pale kwenye kiwanda chetu cha mikate wameweka mitambo mipya, na mikate inatoka myeupe kama imepata habari mbaya. Nimewaambia, wamenicheka, nikajiondokea.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Lile ulilolisema mwaka jana, kwamba niuze nyumba nije kukaa nawe mjini, nimelilala, nimeliamkia, nimelikubali. Tangu mke wangu atangulie, nyumba hii imekuwa ya kuzungumza na birika. Lakini sitakuja kwako mikono mitupu nikae kochini kama mgeni aliyekosa basi. Nataka nyumba iuzwe kwa bei ya heshima.

Na hapo ndipo ninapokuhitaji wewe na futi yako. Kuna fundi mmoja hapa, mtaa mzima tunamwita Pamba, kwa sababu kazi yake ni kushindilia pamba ya kuzuia baridi kwenye dari za watu na hurudi nyumbani nayo kichwani. Anasema nikijaza dari, nikaziba nyufa za milango, nikaweka madirisha ya vioo viwili na mtambo wa jua wa kuchemshia maji juu ya bati, nyumba itanyakuliwa ikiwa bado ina mvuke. Baridi ya humu unaijua. Ulikuwa unafanya hesabu za shule umevaa soksi mikononi.

Wewe kazi yako ni kuthamini majengo. Niambie kweli, bila kunionea huruma: nikiweka kiinua mgongo changu kwenye joto la nyumba, mnunuzi atanirudishia?

Nimeandika kwa sababu simu ni ya kuulizana kama tumefika salama. Mambo ya nyumba huandikwa.

Ni mimi,
Mjomba


Tarehe 21 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi kabla hata sijafungua mlango, mpaka mlinzi wa jengo akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nacheka. Huyo mtoto wa kaka nimemwona pichani. Kichwa ni chako kweli, lakini atapona akikua.

Kwanza nimefurahi kwamba umekubali kuja. Sikutaka kukusukuma. Nafasi ipo, usiulize zaidi.

Sasa jibu lako, na mjumbe hauawi. Pamba ya darini hairudishi hata nusu ya gharama yake, kwa sababu mnunuzi hapandi darini. Mnunuzi anagongagonga mlango, anafungua bomba, anavuta choo, anasifia rangi, kisha anaomba apunguziwe. Madirisha yanarudisha zaidi kwa kuwa yanaonekana tangu barabarani. Mtambo wa maji moto unapendwa na wenye watoto. Nikijumlisha yote, ukitumia kumi, bei itapanda kwa sita. Na hizo sita utazipata kwa mtu aliyewahi kulipa bili ya hita akaumia. Kwa hiyo bili za umeme za kabla na baada zitunze, hizo ndizo zitakusemea.

Fundi Pamba ana haki ya kusifia pamba. Hata wewe hukuwahi kumwambia mtu apunguze mkate.

Jambo moja nakuomba. Usiguse ukuta wa katikati, ule unaotenganisha nyumba yako na nyumba pacha ya jirani. Upande wa pili kuna mtu anaishi na kupika, baridi haipiti pale. Hakuna mnunuzi atakayelipa hata senti kwa ajili ya ukuta huo.

Na mimi siruhusiwi kuthamini nyumba ya ndugu. Atakuja mwenzangu wa ofisini, mtu asiyecheka. Usimpe mkate, ataona anahongwa.

Mpwa wako,
Futi


Tarehe 9 Aprili

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila jioni nikishika kalamu nasinzia. Usishtuke, nitakueleza.

Kaka yako na watoto wazima. Mimi mzima kuliko nilivyostahili, hata goti la kushoto limeanza kunisalimia. Kazi imekwisha! Dari imejaa, milango imevalishwa mipira ya kuziba upepo na sasa inajifunga kwa pozi, polepole kama mlango wa benki. Madirisha ya vioo viwili yanang'aa, watu wanasimama barabarani wanajitengenezea nywele. Maji ya moto yanatoka juani bure, na mimi mtu mzima naoga mara mbili kwa siku kwa sababu ya ubahili.

Mpwa wangu, nyumba ina joto! Miaka yote nilikuwa na joto kazini na baridi nyumbani, nikadhani ndivyo Mungu alivyogawa. Sasa nakaa sebuleni na shati moja. Ni kama tanuri muda mfupi baada ya mikate kutoka, moto umezimwa lakini ukuta bado unakumbuka.

Sasa lile la ukuta wa katikati. Najua ulisema. Lakini kazi ilipokwisha Pamba alibakiwa na marobota matatu, akasema anayapeleka jalalani. Futi, mimi ni mwokaji mikate. Unga ukibaki hautupwi, unatafutiwa umbo. Tukasimamisha ubao mbele ya ukuta ule, tukashindilia pamba yote humo, tukapiga rangi. Sebule imepungua kidogo upana, lakini mimi sichezi mpira humo ndani.

Yule mama wa upande wa pili, mwalimu mstaafu wa nyimbo, nilikuwa namsikia kila jioni akipandisha sauti na kuishusha. Sasa simsikii kabisa. Sisikii kiti chake, sisikii birika lake. Ni utulivu mtupu. Unachosha kidogo, lakini nitazoea.

Mlete huyo mwenzako asiyecheka.

Mjomba wako


Tarehe 27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima, kazi nyingi, mvua nyingi, lifti ya jengo imekufa tena na mimi nimepata miguu ya mwanariadha.

Nimesoma mpaka kwenye marobota matatu nikaweka barua chini nikatembea kidogo chumbani. Umetumia hela kupunguza sebule! Katika kazi yetu tunapima sakafu, Mjomba. Umenunua hasara, ukaipiga na rangi.

Lakini nakuona na shati moja sebuleni, na siwezi kukasirika vizuri.

Mwenzangu atakuja katikati ya Mei. Weka kibao cha KUUZA, naandika nikiwa nakimbia. Kiweke kabla hajafika, na ukiweke barabarani, usikifiche nyuma ya maua.

Futi


Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu. Wote wazima, na neno "wazima" nataka ulisome mara mbili, maana kuna mtu alilitilia shaka.

Mwenzako alifika. Alipima, akaandika, akakataa chai, akakataa maji. Lakini nilimwona akisimama katikati ya sebule amefumba macho kidogo, na alivua koti. Alipotoka akalisahau, ikabidi arudi. Hakucheka.

Sasa sikiliza kisa. Unajua mimi maisha yangu yote naamka kabla ya jogoo. Hata baada ya kustaafu nilikuwa naamka giza lingalipo, nakohoa kikohozi changu cha unga, nawasha redio, napigapiga ubao nikikanda mkate wangu mmoja. Basi siku mbili baada ya mwenzako kuondoka, katika joto hili jipya, nililala. Nililala mpaka jua likapanda, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe, hata siku ya harusi yangu.

Ninaota nimo kazini, mara trei imeanguka. Paa! Nikageuka upande wa pili. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke nje inasema, "Ala! Kumbe kuna kingine!" Halafu paa tena, na vioo vikamwagika sebuleni.

Nikatoka mbio na taulo. Nikamkuta yule mama mwalimu amekwisha kuingiza mguu mmoja dirishani, mkononi ana jiwe lake la kuzuia mlango, kichwani ana kilemba kimekaa upande. Tukatazamana.

"Uko hai?" akaniuliza.

"Mimi niko hai," nikamwambia, "marehemu ni dirisha."

Futi, lile dirisha la barabarani! Lile uliloniambia ndilo linarudisha hela! Nilifungua mdomo nimpe maneno yake. Lakini yeye akakaa palepale dirishani, mguu mmoja ndani mmoja nje, akaanza kulia na kunigombeza kwa pamoja. Akasema, "Miaka yote hii nakusikia ukikohoa alfajiri ndipo najua kumekucha. Mwezi mzima kimya. Nikasema labda amekasirika, kwa sababu naimba vibaya. Leo hata pazia hujafungua. Nimegonga ukuta, kimya. Nimegonga mlango, kimya. Ulitaka nifikirie nini?"

Sikujua kikohozi changu kina msikilizaji. Nikamshika mkono asikanyage vioo, nikamkalisha, nikampa chai. Mkate ulikuwa wa jana, lakini alikula vipande vitatu.

Kioo kipya kimeagizwa. Kibao cha kuuza nitakiweka kioo kikifika, si vizuri kuuza nyumba yenye jicho moja.

Mjomba wako aliye hai


Tarehe 14 Juni

Mjomba uliye hai,

Shikamoo! Nimeisoma barua yako kwa sauti ofisini wakati wa chai. Nilipofika kwenye "Kumbe kuna kingine" wote walilala juu ya meza, na yule mwenzangu asiyecheka akatoka nje. Tulimchungulia. Alikuwa ameegemea ukuta anafuta machozi.

Pia ametoa ripoti yake. Nyumba imepanda bei, kwa ile sita kati ya kumi kama nilivyosema, labda na nusu kwa ajili ya bili za umeme. Ukuta wa katikati ameupa sifuri. Chini kabisa ameandika maneno ambayo hayapo katika kazi yetu: "Humu ndani mtu hataki kuondoka."

Na sasa habari kubwa. Nimepata wanunuzi. Ni mke na mume, wauguzi wote wawili, wanahamishiwa huko. Wamezitazama bili zako za kabla na baada, zile alizokuja nazo mwenzangu, wakatazamana, wakasema wanaitaka. Hawakuomba hata kupunguziwa! Wanasubiri jibu lako ili waje kuiona mwezi ujao.

Niandikie upesi: ndiyo au hapana. Msalimie huyo mama. Magoti yake yamesalimika baada ya kupanda dirisha?

Futi


Tarehe 18 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Posta wanasema barua zinafika. Nilipiga simu mara mbili, ukasema "tumefika salama" ukakata, na mimi sikuwa nimeuliza hilo.

Wauguzi wanasubiri. Nami pia.

Futi


Tarehe 11 Agosti

Mpwa wangu,

Pokea salamu za hapa, baridi ni kali lakini iko nje, inatutazama kupitia vioo viwili.

Nilikuwa na shughuli. Kioo kilifika, Pamba akakipachika. Kisha Mwalimu akasema haiwezekani mimi nilale tena mpaka adhuhuri halafu yeye akae roho juu, tutafute utaratibu. Tukakubaliana kwamba kila asubuhi nitazunguka nje nikagonge mlango wake, nimwonyeshe kwamba niko hai. Basi nazunguka. Nikifika, hawezi kuniacha mlangoni na baridi ile, naingia. Nikiingia, chai ipo. Na mimi siwezi kwenda kunywa chai ya mtu mikono mitupu, kwa hiyo naoka. Siku hizi naoka mikate miwili, mmoja wa maziwa kwa sababu Mwalimu hapendi ukoko mgumu.

Lakini nyumba yake, Futi! Baridi yake ni ileile ya zamani yetu. Mwalimu anaimbia ndani ya koti. Nikamleta Pamba, tumeshindilia dari yake nzima. Nilikuwa chini nashika ngazi, Mwalimu anatuimbia ili tusichoke, na Pamba akapitiliza saa zake za kazi bila kudai nyongeza. Sasa nyumba zote mbili zina joto. Mwalimu anasema hata kinanda chake kimetulia, hakilegei sauti.

Ananifundisha kuimba sauti ya chini. Anasema nina kifua kizuri, kiliharibiwa tu na unga.

Mambo mengine yote yako vizuri. Kaka yako anakusalimu.

Mjomba

Baadaye: unga umepanda bei.


Tarehe 26 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ndiyo au hapana. Nimepata mikate miwili, kinanda, koti na bei ya unga. Wauguzi humo hawamo kabisa.

Lakini kazi yangu ni kutazama ambacho mwenye nyumba hasemi, kwa hiyo nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Mwezi wa nne alikuwa "yule mama wa upande wa pili". Mwezi wa sita "yule mama mwalimu". Sasa ni "Mwalimu", bila hata kunieleza Mwalimu ni nani, kana kwamba dunia ina mmoja tu. Na wewe uliyesema sebule haina haja ya upana, umemjazia dari mwanamke ambaye nyumba yake haiuzwi. Nikuulize kama mthamini: hiyo dari ya jirani inakupandishia bei kivipi?

Wahenga walikwisha kusema, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wewe chako kimesikika mpaka huku, na hakuna pamba ya kukizuia.

Sikugombezi. Nataka tu uniambie wewe mwenyewe. Wauguzi nimewaambia wasisubiri. Kuna nyumba nyingine mtaa wa pili, mwenye nyumba amesikia habari zenu naye anajaza dari.

Mpwa wako anayekupenda, hata ukikaa kimya,
Futi


Tarehe 15 Septemba

Mpwa wangu, binti yangu,

Salamu za hapa zinatoka kwa watu wawili.

Haya, nimekamatwa. Nilikuwa naogopa kukuambia. Wewe umehangaika, umenitafutia mthamini, umenitafutia wanunuzi wasioomba kupunguziwa, na mimi huku nagonga mlango wa mtu kila asubuhi kama kijana. Kila nikishika kalamu kuandika "hapana" nakuona umekaa unasubiri, naandika habari za unga. Nisamehe.

Sasa nasema. Nampenda. Nilidhani mambo haya nimeyazika pamoja na mke wangu, kumbe yalikuwa yamepumzika. Ananicheka, ananigombeza, anasahau miwani kichwani, anakula mkate wangu mpaka mdomo unajaa unga. Nilimwuliza Jumapili, tukiwa tunaosha vyombo. Akasema, "Ulikuwa unasubiri nini, nivunje dirisha la pili?"

Tunaoana Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao. Siwezi kuoa bila wewe. Utasimama upande wangu, hata kama umenikasirikia, simama hivyohivyo ukiwa umekasirika.

Jingine. Kuzunguka nje kila asubuhi na baridi hii, magoti yalikataa. Kwa hiyo tulimwita Pamba, akautoboa ukuta wa katikati, tukaweka mlango. Wakati wa kutoboa, yale marobota matatu yalitoka yote, Pamba akawa anayaokota machozi yakimlenga, maana ile ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba ufa wote na bado nimebomoa ukuta, sijui waliwaza nini kuhusu watu kama mimi. Mlango haufungwi. Namsikia akiimba tangu jikoni kwangu, naye ananisikia nikikohoa, sote tunalala.

Sasa niambie kama mthamini: mlango huu umetupandisha bei kiasi gani?

Mjomba wako, bwana harusi


Tarehe 2 Oktoba

Bwana harusi,

Shikamoo, na vigelegele! Nimepiga vigelegele peke yangu humu ndani mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Huyo naye tumejuana sasa.

Nitasimama upande wako. Sikukasirika hata kidogo. Nimeshaomba ruhusa kazini, na yule mwenzangu asiyecheka ameuliza kwa mbali kama harusi hiyo ina nafasi, eti kuna vipimo alivisahau sebuleni.

Sasa jibu la swali lako. Mlango umeua bei, Mjomba. Umeizika kabisa. Nyumba yako haiuziki bila ya Mwalimu, ya Mwalimu haiuziki bila yako, na mtu wa kununua zote mbili na mlango wazi katikati hajazaliwa. Zile sita kati ya kumi zimekwenda, na dari ya Mwalimu imezifuata. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona watu wakitumia hela nyingi hivyo kushusha thamani. Hongereni sana.

Nami pia kuna jambo sikusema. Nilipokuandikia kwamba nafasi ipo, usiulize zaidi, ilikuwa kwa sababu nilikuwa nimeanza kukupakia rangi chumba. Kile cha nyuma, kinachopata jua asubuhi. Nilipaka rangi ya krimu, nikaweka rafu jikoni kwa ajili ya mabati yako ya mikate, nikanunua kitanda na shuka mbili. Sikutaka kukuambia ili usijione unalazimishwa. Jioni barua yako ilipofika nilikaa juu ya kitanda hicho nikalia kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kukusikia ukikohoa alfajiri. Mjini humu hakuna anayenijua kwa kikohozi.

Kisha nikafikiria jiwe la kuzuia mlango na "kumbe kuna kingine", nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha. Nina furaha kwa ajili yako, Mjomba. Naiandika hivi ilivyo. Nina furaha, na chumba kipo tupu, na yote mawili ni kweli.

Tutaonana Ijumaa hiyo. Mwambie Mwalimu nitaketi mbali na madirisha.

Futi


Tarehe 11 Oktoba

Binti yangu,

Barua yako Mwalimu ameisoma kwa sauti, maana mimi ilinishinda kwenye rafu ya mikate. Naye ilimshinda kwenye kitanda. Tukaketi tu, mlango wazi, chai inapoa.

Kuhusu bei kushuka, tumefurahi sana wote wawili. Nyumba isiyouzika haina wa kuisumbua. Kile kibao cha kuuza nilichokuwa sijakiweka, Pamba amekikata, amekifanya kizingiti cha mlango wetu.

Sasa nisikilize mimi mjomba wako. Chumba hicho usikipangishe na usikigeuze stoo. Tukishaoana hatukai hapa tukitazamana mwaka mzima. Mwalimu anataka kuja kusikia kwaya kubwa za huko, nami nataka kuonja hiyo mikate yenu ya mjini nijue wanakosea wapi. Tutakaa miezi miwili, mitatu ukitupika vizuri, na tutarudi kila mwaka mpaka uchoke. Nitakohoa kila alfajiri, hilo nakuahidi. Yeye ataimba. Mwambie jirani wa juu aanze kujiandaa.

Ila kitanda ulichonunua, bila shaka ni cha mtu mmoja. Kirudishe dukani upesi, kabla hawajakataa.

Mjomba wako na Mwalimu wake